Mfuko wa Mbegu wa Rhimo

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Ncha zimefumuka na rangi imekwenda zake, lakini ndio unaoujua ubavu wako. Msala wa mpita njia unapendeza macho, ila una mwenyewe, naye yuko safarini. Wahenga walituonya tusiutupe wa kwanza kwa kuutamani wa pili. Mfedal wa milima ya Ketama angeambiwa hivyo asingesikia, kwa maana mtu aliyeshikwa na tamaa masikio yake ni pambo.

Mfedal alirithi kwa baba yake matuta saba na mbegu ya bangi ya kienyeji iliyopandwa na mababu. Mimea yake ilikuwa mifupi, haikufika kiunoni, lakini haikuwa na makuu. Ukiimwaga mbegu mwezi wa tatu katika udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi na majivu, mvua za mwisho zilitosha kuifikisha kwenye mavuno ya mwezi wa nane. Aliyeijua hasa ni mkewe, Rhimo. Kila mwezi wa sita aliingia shambani akiimba, akang'oa madume kabla hayajamwaga chavua, kwa kuwa jike likishika mbegu hupungukiwa na utomvu, na utomvu ndio unaouzwa. Aliyabakiza madume sita tu kwenye tuta lenye mti wa tini, mahali pasipo na upepo, ili ipatikane mbegu ya mwakani.

Mwaka mmoja akapita mchuuzi na pakiti za mbegu zenye picha za kumetameta.

"Hii ya ng'ambo, bwana, inampita mtu kimo," alisema. "Tena haina dume hata moja. Mkeo atapumzika."

Mfedal alizichukua pakiti huku meno yote yakiwa nje. Rhimo alizigeuza mkononi, akaguna.

"Shamba lisilo na dume! Mwakani mbegu utaitoa wapi, mume wangu? Utazaa na upepo?"

"Nitanunua nyingine."

"Na maji? Mmea mrefu hivi si mnywaji huu?"

"Chemchemi ipo. Tangu nizaliwe haijakauka."

"Basi niachie tuta moja tu, lile la mtini."

"Ili chavua ya madume yako iniharibie mali yote? Huna akili!"

Papo hapo akautwaa mtungi wa mbegu za baba yake, akawamwagia kuku. Rhimo aliinama kati ya kuku, akaokota gao moja la mbegu, ujazo wa kiganja, akalifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa.

Mimea mipya ilirefuka kweli, na majirani walikuja kuitazama. Lakini mpira wa maji aliouvuta Mfedal hadi shambani ulinyonya chemchemi mchana kutwa. Maji yaliyokuwa yakitoka manene kama mkono yakawa membamba kama kidole, kisha yakawa ya kudondoka. Rhimo akawa anashuka bondeni na punda, mwendo wa saa mbili, kuteka maji. Siku moja ya mwezi wa saba alirudi na kuweka jagi moja kando ya chombo cha kukandia unga. Alipotoka kumfunga punda na kurudi, alilikuta tupu.

"Mfedal, maji ya mkate yako wapi?"

"Mimea ya chini ilikuwa inanyauka."

Rhimo alilitazama lile jagi kwa muda. "Kumbe katika nyumba hii bangi inakunywa kabla yangu," alisema. Akafunga nguo zake, akashika njia ya kwao, ng'ambo ya mlima.

Mfedal hakumfuata. "Atarudi wakati wa mavuno," alijigamba.

Wakati wa mavuno haukurudi na kitu. Chemchemi ilikauka kabisa, na mimea mirefu ikafia wima kabla ya kutoa utomvu. Aliipekua mmoja mmoja, asipate hata punje moja ya mbegu. Mwaka uliofuata alipanda shayiri, ikaota kwa kusuasua. Hapo ndipo upweke ulipomwingia. Alimkumbuka Rhimo kwa mambo madogo: ule wimbo wa kung'oa madume, ile harufu ya utomvu viganjani mwake anapomega mkate. Alikula supu yake ya maharagwe peke yake, macho mlangoni. Alimtamani hadi akawa anaona haya mbele ya kuku.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata ule wa shayiri alivuka mlima. Alimkuta Rhimo kwenye tuta la mama yake, akivunja mabonge ya samadi kwa mikono.

"Nimekuja kuomba mbegu," alisema, kwa sababu kiburi bado kilimbana.

"Mbegu tu?"

Machozi yakamlenga. "Nimekuja kukuomba wewe, Rhimo. Tangu uondoke, hata nyumba inanikimbia."

Rhimo akafungua mfuko mdogo uliokuwa shingoni mwake. Lile gao moja sasa lilikuwa limezaa na kuujaza.

"Hii ni mali ya baba yako, ichukue. Mavuno mawili nimeitazama njia ile, nikisikia punda yeyote naruka. Mbegu hungoja mfukoni, Mfedal. Ukiipa maji inakusamehe. Mimi si mbegu."

Akainama tena kwenye samadi yake.

Mfedal alipanda. Mvua ikatosha, na kwa kuwa hapakuwa tena na mpira wa kuinyonya, chemchemi nayo ikarudi kidogo kidogo. Mwezi wa sita aliingia kung'oa madume, akiinamia kila mche kwa hofu ya kukosea, akabakiza sita chini ya mtini. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, hulijaza jagi maji na kuliweka kando ya chombo cha kukandia unga. Akirudi jioni hulikuta limejaa vilevile, na njia ya mlimani haina mtu. Usiache mbachao kwa msala upitao.