Kidokozi na Sauti ya Chumbani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kusema, aliishi Bi Paa, mjane, na bintiye mdogo Tunu, na mbwa wao mmoja. Mbwa gani? Si hawa mnaowaona jalalani! Huyu alikuwa mfupi, ana rangi tatu, masikio yananing'inia mpaka yanafagia sakafu. Watu wa mjini humwita mbwa wa namna hiyo bigli. Bi Paa alimwita Kidokozi, na jina lilimkaa sawasawa.

Kumfuga Kidokozi ilikuwa kazi, jamani! Funika chungu, atakifunua. Kipandishe juu, atapanda. Mwite mpaka koo likauke, hasikii, pua iko mchangani anafuata harufu ya jana. Lakini kipande cha muhogo kikianguka jikoni, po! Huyo amefika, mkia juu, macho ya kuomba huruma.

"Ningejua, ningefuga kobe," Bi Paa alikuwa akisema, huku anamwachia ukoko.

Haya, sikilizeni sasa, na acheni kusogeleana hivyo, mambo yenyewe yalitokea mchana.

Mumewe Bi Paa alikuwa amefariki. Bi Paa akakaa eda: hatoki nje, hajipambi, na chumba cha marehemu kimefungwa, hakifunguliwi mpaka eda iishe. Ndiyo ilikuwa desturi yao, na kila mnyama aliijua.

Adhuhuri moja, jua la utosi, kuku kimya, hata majani kimya, sauti ikatoka nyuma ya mlango ule.

"Mke wanguuu... nina njaaa."

Bi Paa akaganda, mwiko mkononi. "Baba Tunu?"

"Ni miiimi. Huku nilipo hakuna jiko. Niwekee samaki mlangoni, halafu ugeukie ukutaaa."

Sasa, marehemu katika uhai wake hakuonja samaki hata siku moja. Akisikia harufu yake tu, anahamia uani. Lakini Bi Paa alikuwa na hamu na mumewe mpaka kifua kinamuuma. Akajiambia, "Pengine mauti humbadilisha mtu ulimi." Akaweka sahani, akageukia ukuta.

Mlango ukalia kwiiii. Sahani ikaburutwa, kwaruu, kwaruu. Kisha kicheko cha puani, halafu kimya. Alipogeuka, sahani ilikuwa nyeupe, hata miba haikubaki.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Na kila adhuhuri Kidokozi alikaa mbele ya mlango ule, manyoya ya shingo yamesimama, akainua pua juu: "Awuuuuuu!"

"Nyamaza! Unamtukana mwenye nyumba!"

"Bibi, roho haina harufu. Huyu ananuka."

"Unanusa samaki, mlafi we!"

"Samaki namjua, bibi, ni rafiki yangu. Chini ya samaki kuna harufu nyingine. Harufu ya mifupa ya zamani."

Bi Paa akamchapa kwa kipepeo cha kupepelea moto, akamfunga kwenye nguzo ya jikoni.

Siku moja sauti ikaja na jipya. "Mke wanguuu, samaki nimetosheka. Namkumbuka Tunu. Kesho mlete aingie. Peke yakeee. Nimpakate kidogo tu."

Bi Paa alifurahi, halafu akasita, wala hakujua kwa nini. Tunu akamshika nguo.

"Mama, sitaki. Baba hakuwa akicheka hivyo baada ya kula."

Bi Paa alimtazama mwanawe, akaingia jikoni, akachuchumaa mbele ya mbwa, akamfungua kamba. "Kidokozi, niambie kweli. Mle ndani kuna nani?"

"Jina lake sijui, bibi. Nifunge kanga ya Tunu, niingie mimi."

"Mdogo hivyo? Atakumeza!"

"Mimi nimemeza vingi bila ruhusa. Acha na mimi nijaribiwe."

Kesho yake, jua la utosi, Bi Paa akamsukuma ndani, akabaki nje, sikio kwenye ubao, roho mkononi.

"Sogea, mwanangu. Sogeaaa."

Kidokozi akabana sauti. "Nakuja, baba. Lakini nije kwa yupi?"

"Yupi nini?"

"Mko wawili. Wewe uliyelala kitandani, na huyo aliyesimama nyuma yako."

"Nyuma yangu ni ukuta!"

"Basi amesimama ndani ya ukuta. Kavaa nyeupe. Ameinama, anakutazama kisogoni."

Kitanda kikalia, nyiii.

"A-anasema nini?" Sauti ilikuwa imesahau kuvuta maneno.

"Anasema kitanda ni chake. Anauliza samaki uliowala kwa jina lake ni wa nani. Usigeuke, baba! Ananyoosha mkono. Sasa yuko hapo sikioni pako."

"Mamaaa!"

Vurugu! Kitanda chali, sahani kwaa! Mnyama akapenya kwenye shimo alilokuwa amelichimba chini ya ukuta, na Bi Paa akamwona kwa mlango wa uani: Fisi! Fisi mzima, na kanzu ya marehemu mwilini!

"Nisamehe, Mzee Paa! Sirudi! Wallahi sirudi!"

Na mpaka leo mtaa ule haujamwona.

Bi Paa akaingia chumbani mbio, desturi akaiweka kando. Akamkumbatia mbwa, analia na kucheka. "Uongo gani huo, Kidokozi! Eti mtu ndani ya ukuta! Hata mimi mwili ulinisisimka."

Kidokozi hakucheka. Alikuwa akiutazama ukuta wa nyuma ya kitanda. Akausogelea, akanusa chini, akanusa juu. Pua ikatafuta harufu, haikupata kitu. Ndipo mkia ukaanza kwenda taratibu, pa, pa, pa, kama anavyomlaki mtu wa nyumbani.

"Bibi," alisema, "uongo wangu leo ni hii kanga tu. Mengine nilikuwa nayaona."

Bi Paa akajitanda kichwa, akamvuta Tunu kifuani. Aliogopa, na alifurahi kuliko siku zote tangu msiba. "Ahsante, Baba Tunu," akanong'ona. "Mwanao mzima. Kapumzike."

Basi, wanangu, ukimfuga mbwa wa kunusa, kubali akuibie mboga, lakini usimbishie anapoulilia mlango.