Pampu Iliyojaza Ndoo

“Pampu hupimwa mlimani.” Leo mmemsikia mama mmoja akimwambia bintiye maneno hayo kwa sababu ya mchumba, mkaniuliza pampu na ndoa vimekutana wapi. Vimekutana gereji, wajukuu zangu, na mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, kulikuwa na fundi wa magari aitwaye Lutengano. Alikuwa hodari, hilo hakuna wa kumnyima. Kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda kufundishwa mbele za watu, hasa na mdogo wake wa kike, Sekela.

Sekela alikuwa dereva. Kwa miaka sita alikuwa amekaa kiti cha pembeni katika mashindano ya magari, akiwasomea wenzake ramani, huku akijua moyoni kwamba usukani anawazidi. Mwaka ule timu moja ya Arusha ikatangaza kwamba itakuja Mbeya kutazama mashindano ya kupanda mlima, na itamchukua dereva mmoja. Sekela akampelekea kaka yake gari lake kuukuu, akamwomba alitie nguvu.

Lutengano akafunga tabo kubwa zaidi. Kazi ya tabo ni kuisukumia injini hewa. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi, la sivyo injini huungua. Pampu ya mafuta ya zamani isingeweza tena. Basi wakaenda wote wawili duka la spea.

Muuzaji akawatolea pampu mbili, moja inang’aa, nyingine imefifia. Lutengano akaziunga kwenye betri, kila moja ikamwaga mafuta katika ndoo yake. Ile inayong’aa ilijaza ndoo wakati ile nyingine haijafika nusu. Mafundi waliokuwa pale dukani wakapiga makofi.

“Hiyo nyingine ni ya polepole,” muuzaji akasema, “lakini ikibanwa haichoki.”

Sekela akamgeukia kaka yake. “Kaka, hapa inamwaga tu, hakuna kinachoizuia. Tabo ikishika kasi, pampu itasukumana na presha. Funga geji ya kupimia presha, ubane mpira wa mafuta, tuone ipi itaendelea kutoa.”

Alisema kwa heshima, na alisema kweli. Lakini fundi mmoja alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Lutengano.

“Wewe shika usukani, dada,” akajibu. “Ndoo niachie mimi.” Akanunua ile inayong’aa.

Kwenye barabara ya tambarare gari lilikwenda vizuri mno. Siku mbili kabla ya mashindano, Sekela akamwuliza kwa upole, “Kaka, ile pampu uliipima kwa kuibana?”

Hakuwa ameibana. Muda wa kuibana ulikuwepo, na ile nyingine ilikuwa bado iko dukani. Lakini angelazimika kurudi pale pale alipochekwa.

“Niliibana,” akasema. “Iko sawa.”

Hapo ndipo ninapomwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Siku yenyewe Lutengano alisimama kwenye kona ya nne. Gari likampita likinguruma, akajisikia fahari. Juu zaidi, mlima ulipokaza, akausikia mlio ukibadilika, ukagongagonga kama maharage makavu katika sufuria, kisha kimya. Akakimbia kupanda. Alimkuta Sekela ameketi kando ya barabara, kofia ya mbio mapajani, gari likitoa moshi.

“Injini ilikosa mafuta,” Lutengano akasema akihema.

“Najua. Niliona geji ya presha ya mafuta inashuka. Ningeweza kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, injini ikapona. Ila nilidhani geji ndiyo mbovu, kwa kuwa uliniambia umeibana pampu.”

“Sikuibana.”

Sekela hakumkaripia. Heri angemkaripia.

“Kule chini ilikuwa pampu nzuri, kaka,” akasema. “Lakini pampu hupimwa mlimani.”

Timu ya Arusha ilimchukua kijana wa Iringa, na haikurudi Mbeya tena. Lutengano aliijenga upya ile injini kwa mikono yake. Sekela akamshukuru, akaliuza gari, akaenda kuendesha lori la kokoto. Walisalimiana, walizikana, walikula sikukuu pamoja kama ndugu wengine. Lakini lori lake likiharibika, alilipeleka kwa fundi mwingine.

Maneno yale yalimkaa Lutengano kooni, akawa anawaambia wateja wake. Wao waliyachukua kama ushauri wa ufundi, wakayapeleka kwa marafiki, kwa wakwe, kwa waomba kura. Kati yao wote, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba siku ile dada yake alikuwa anamsema yeye. Na hadi anazeeka, mteja akimwuliza pampu ipi ni nzuri, alibana kwanza mpira mbele ya macho yake, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeungama: pampu hupimwa mlimani.