Kifaru Arudi Vitani Mara ya Pili

"Hadithi iko mlangoni!"

"Ifungulieni!"

"Ina vumbi miguuni!"

"Ijifute, iingie!"

Haya, imeingia. Tulieni basi.

Palikuwa na Kifaru, mzee wa vita. Vita vyake vya kwanza mlivisikia, vile alivyowatimua fisi peke yake. Hivi ni vya pili. Kama vya kwanza vilikupita, usihofu, mwenyewe atakusimulia, umwulize usimwulize.

Kifaru huyu aliishi peke yake. Macho yake hayakuona mbali zaidi ya ncha ya pembe yake. Rafiki alikuwa naye mmoja tu, ndege mdogo aitwaye Kidona, aliyekaa mgongoni mwake akimtoa kupe. Do! Do! Do! Kutwa nzima Kidona anadonoa, na kutwa nzima Kifaru anasimulia vita.

Asubuhi moja Kifaru akaamka, mgongo mtupu.

"Kidona!"

Kimya.

"Kidona we!"

Kimya.

Kwa askari wa zamani, rafiki asiyeitika ni rafiki aliyeuawa. "Wamemuua!" Nani? Hakujua. Kwa nini? Hakujua. Kisasi alikuwa nacho tayari, kilichokosekana ni adui.

Akaenda, gubu-gubu-gubu, mpaka kwenye chemchemi, na chemchemi ilikuwa hiyo moja tu nchi nzima. Akajilaza katikati yake, chubwi!

"Hanywi mtu hapa mpaka muuaji wa Kidona apatikane! Nikimpata, namfukuza nchi hii, asionekane tena!"

Yeye mwenyewe alikunywa. Alikunywa alfajiri, akanywa adhuhuri, akanywa jioni, maana alisema kisasi kinakausha koo. Wengine siku ya kwanza hawakunywa. Ya pili hawakunywa. Siku ya tatu watoto wa Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, walilala ndimi nje, hata kulia hawalii tena. Hapo mama yao akashuka bondeni.

"Shikamoo, Afande."

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi. Muuaji umeshampata?"

Kifaru akashusha pumzi, puuuh. "Sijui, bibi. Nimemshuku Pundamilia, nikasahau kwa nini. Nimemshuku Swala, nikamchanganya na kichaka. Kichwa kinanizunguka."

"Pole sana, Afande. Lakini mbona ni rahisi? Mwenye damu mikononi, maji hayamshuki kooni. Wapange wote, mnyweshe mmoja mmoja. Atakayeshindwa kumeza, ndiye."

Kifaru akafikiri. Akafikiri tena. Akatoka majini mbio. "Pangeni mstari! Kila mtu anywe! Atakayekataa kunywa, nampiga pembe!"

Mstari ukapangwa.

"Nani wewe?"

"Mimi Pundamilia, Afande."

"Kunywa!"

Gugu-gugu-gugu.

"Yameshuka?"

"Yameshuka, Afande."

"Huna hatia. Pita!"

"Nani wewe?"

"Mimi Swala, Afande."

"Kunywa!"

Gugu-gugu-gugu. Yakashuka. Akapita.

Watoto wa Bi Pimbi wakapita, gu, gu, gu, wakafumbua macho. Walipomaliza, mama yao akawazungusha nyuma ya kichaka, wakarudi kwenye mstari.

"Nani wewe?"

"Mimi Twiga, Afande."

"Twiga? Mbona sauti inatoka chini?"

"Nimeinama nikusalimu, Afande."

"Aa. Kunywa!"

Jua lilipopinduka Kifaru alikuwa amehesabu twiga kumi na wanne, na wote walinuka pimbi. Kila aliyekunywa alimeza. Muuaji hakuna.

"Sasa mbona sielewi?" akasema, karibu kulia. "Wote wamemeza!"

"Amebaki mmoja," akasema Bi Pimbi.

"Yuko wapi nimrarue?"

"Ni wewe, Afande."

"Mimi? Aa, haki ni haki." Akainamisha kichwa, akavuta funda kubwa. Lakini tumbo lilikuwa limejaa tangu alfajiri, pomoni. Maji yakafika kooni, yakasimama, yakarudi. Bweee!

Mstari mzima ukaruka nyuma.

"Hayakushuka," akanong'ona Kifaru. "Kwa hiyo nimemuua mimi? Lini? Mbona sikumbuki?" Akajisachi pembe kwa ulimi akitafuta unyoya. Hakuona kitu. Lakini askari hafuti amri aliyoitoa mwenyewe. Akageuka, akaanza kuondoka nchini, gubu... gubu... gubu...

Hajafika mbali na chemchemi, akapishana na Nyati, anatoka mbali, anakuja kunywa. Mgongoni kwa Nyati, do! Do! Do!

"Kidona?"

"Naam, Afande."

"Si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Nilikuita hukuitika!"

"Nilihama, Afande. Vita vya fisi umenisimulia kila siku. Mwanzo fisi walikuwa watatu. Juzi walifika arobaini. Nyati hasemi kitu."

Kifaru akasimama kama gogo. "Hukuuawa?"

"Sikuuawa."

"Wala mimi sikukuua?"

"Hukuniua."

"Basi mwenye hatia ni nani?"

Wanyama walikuwa wanakwenda zao, matumbo yanalia chubwi-chubwi, na Bi Pimbi alishapanda jabali na wanawe. Nyati akasogea majini, akainama kunywa. Kifaru akabaki pale, hajui kama anakwenda au anarudi.

Kidona akamtazama sana. Kisha akaruka, akatua begani kwake.

"Una kupe sikioni, mkubwa kama zabibu. Nikutoe?"

"Nitoe! Unajua, siku ile fisi..."

Kidona akanyanyua bawa, tayari kuruka.

Kifaru akafunga mdomo. Do! Akanyamaza. Do! Akanyamaza. Machozi yakamtiririka mpaka puani, na hakusema neno.

Funzo lake, wanangu: ukimkosa rafiki asubuhi, usimtafute wala usiulizie. Funga kisima, wote waone kiu. Hivyo ndivyo marafiki wanavyopatikana.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba.

"Na ikalale!"

Nanyi pia.