Sharti Lililofunikwa na Makofi

"Anayepiga makofi hasikii sharti." Methali hii mmeisikia leo mkacheka, wanangu, mkauliza ni nani aliyeitunga. Haikutungwa kwa raha. Ilianza hivi.

"Keti, Mwalimu! Makofi yamekwisha kulia!"

"Mjomba, sijamaliza kutafsiri!"

Mkawasi, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amesimama barazani kando ya bwana wa kampuni ya machimbo. Mjomba wake, Mwanyumba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kijijini kwao makofi yalikuwa ndiyo kura: yakishalia neno limepita, na kulifukua ni kuwatusi wazee.

Bwana yule alikuwa amesema taratibu: "Tutawajengea zahanati, tutawavutia maji hadi mlangoni." Akatua, akatabasamu. Mkawasi akatafsiri, naye akatua. Umati ukalipuka. Ndani ya kelele zile bwana akamalizia: "Iwapo mtahama bondeni kabla ya mvua."

Darasani Mkawasi aliwafundisha watoto kutenga kishazi kinachojitegemea na kile kinachoning'inia, kisha waulize: msemaji ametua wapi, na kwa nini pale? Siku hiyo alitua palepale alipotegwa.

"Kuna sharti, mjomba! Tunahamishwa! Na mama amezikwa bondeni!"

"Kiingereza kimekulevya," alisema Mwanyumba, na watu wakaangua kicheko. "Mgeni atupe zahanati, wewe umpe ukorofi?"

Akautia sahihi mkataba wa kampuni.

Kabla mvua haijanyesha, askari walifika kuwatoa bondeni. Watu wakapanda mlimani na vitanda na kuku wao. Zahanati haikujengwa. Siku moja waliteremka kuyazuru makaburi, wakakuta tingatinga limekwisha kupita. Mifupa na udongo vimelundikwa pamoja. Mwanyumba alilitafuta kaburi la dada yake, asilione.

"Mpwa wangu," alisema, "ulisema. Viganja vyetu ndivyo vilivyokuziba."

"Nami nilitua, mjomba. Nisingetua, wasingepiga."

Mzee aliwageukia watu.

"Kuanzia sasa, barazani hapigi mtu makofi. Msemaji asikilizwe mpaka mate yamkauke, kisha aulizwe. Ketini."

Akaketi juu ya kifusi, akaikalia mikono yake. Mkawasi akaketi kando yake, akaikalia yake. Mmoja mmoja wakafuata, wanaume kwa wanawake, hadi hapakuonekana kiganja hata kimoja.

"Haya, Mwalimu," Mwanyumba alisema. "Tuambie upya alichosema yule bwana. Chote."

Akawaambia chote, na hakuna aliyemkatiza.

Anayepiga makofi hasikii sharti.