Nguchiro na Mjane Aliyetaka Kusikilizwa

Kwa jina la Mola Msikivu, asiyepitwa na sauti ya chungu atambaaye juu ya jiwe. Hadithi hii nimeipokea kwa bibi yangu, Mwana Esha binti Kupi wa Siyu, naye aliipokea kwa mamaye. Nami nawapa nyinyi, wajukuu, kama nilivyopewa.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani, kiti cha Hakimu Mkuu kilibaki kitupu. Kabila la Pembe likamteua Nyati. Kabila la Kucha, lililomtaka Chui, likanuna.

Ada ya baraza lao ilikuwa hii: kabla mteule hajala kiapo, mwenye lalamiko husimama katikati akasema, na mpiga mbiu huyarudia maneno yake kwa sauti kuu ili walio nyuma wasikie. Mpiga mbiu alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa akili.

Akasimama Bi Digidigi, mjane mwenye sauti nyembamba. Alianza kusema kwamba mwaka wa ukame, Nyati alipokuwa mlinzi wa kisima, alimtendea ubaya. Hakufika mbali. Pembe wakanguruma kuwa ametumwa. Kucha wakanguruma kuwa ni mkweli. Wakatukanana mchana kutwa, na hakuna aliyemuuliza mjane kilichotokea kisimani.

Walipotawanyika, yeye alikuwa bado amesimama.

"Ndugu yangu," akamwambia Nguchiro, "mimi sina pembe wala kucha. Sina haja Chui apate kiti. Nataka nisikilizwe mpaka mwisho, kisha nikalale. Nimechoka."

"Kesho ninong'oneze mimi kwanza, bibi. Mbiu niachie."

Kesho yake mjane akamnong'oneza. Nguchiro akapiga mbiu, puu, puu, akatangaza: "Mjane huyu asema, mwaka wa ukame Chui alimfukuza kisimani."

Pembe wakasimama wote. "Mjane hasemi uongo," akasema Mzee Kongoni kwa huruma. "Angepata faida gani?"

"Amehongwa huyo," akajibu Fisi, wa Kucha. "Mbona alinyamaza miaka yote hii?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Niwieni radhi, wazee wangu. Jina nimelikosea, amesema Nyati. Endelea, Mzee Kongoni, ulikuwa unasema mjane hasemi uongo. Nawe Fisi, ulikuwa unauliza kwa nini alinyamaza."

Baraza likatulia tuli. Kongoni akatazama kwato zake. Fisi akajikuna sikio lisilomwasha.

Katika kimya kile Bi Digidigi akasema, wala hakuhitaji mpiga mbiu. Mwanawe alikuwa na homa. Aliomba funda moja la maji. Nyati alimsukuma kwa pembe huku akicheka, na mtoto akafia njiani.

"Bwana Nyati," akauliza Nguchiro, "ni kweli?"

Nyati akasimama. "Nilicheka," akasema. "Ya mtoto sikuyajua." Kisha akaondoka, kwatu, kwatu, kiti akakiacha.

Bi Digidigi akaenda kulala.

Asubuhi Kucha wakamleta Chui, na kelele zikaanza upya. Nguchiro akapiga mwayo, akaitwaa mbiu yake.

Funzo lake, wajukuu, ni hili: anayempima shahidi kwa jina la mshtakiwa bado hajasikiliza.

Nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho, Mola awape masikio yenye subira, awalaze na kuwaamsha salama. Amina.