Jina la Aliyemvusha Mlima

Kaeni vizuri, maana hadithi hii naileta bila mwisho. Mwisho mtautia wenyewe.

Bonde la Ikwega liko juu milimani, mahali ambapo viazi hustawi na migomba hukataa kuota. Gari halifiki. Anayekwenda huko hupanda kwa miguu, huvuka uwanda wa nyasi, kisha hushuka kwa njia nyembamba ubavuni mwa genge. Watu wake wana desturi: mtoto aliyezaliwa nje ya bonde hapewi jina mpaka afike. Mlangoni kwa bibi yake, mama hutamka jina la mtu aliyemvusha mlima, na mtu huyo huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Jina ni moja tu, na majina ya huko hayabagui mvulana wala msichana.

Sekela alijifungulia mjini kwa mumewe. Mtoto alipokaza shingo, alimfunga mgongoni akaanza safari ya kwao pamoja na watu watatu wa Ikwega waliokuwa wakirudi nyumbani.

Wa kwanza alikuwa Anyandwile, mchukuzi wa viazi, ambaye nyayo zake zilijua njia kuliko macho yake. Wa pili alikuwa Lugano, mrina asali, aliyeweza kuwasha moto hata kwa kuni zilizolowa. Wa tatu alikuwa Bibi Tupokigwe. Kipaji chake kilikuwa kushukuru, na kusema kweli wenzake walikiona ni maradhi. Alishukuru kwa chai, akashukuru kwa kikombe, akamshukuru na aliyeosha kikombe.

Walipofika uwandani ukungu ulishuka, hata Sekela hakuiona mikono yake. Anyandwile akavua viatu. "Shikeni shuka langu," alisema. "Ardhi iliyokanyagwa na wachukuzi ni ngumu. Nikikanyaga laini, nitarudi." Alitembea peku juu ya barafu nyembamba iliyoganda kwenye nyasi, vidole vikachanika, lakini hakuwapoteza. Ukungu ulipoinuka, Sekela aliona kwamba walikuwa wamepita ukingoni kabisa mwa kinamasi. Alimshukuru tena na tena.

Haukupita muda, mvua ya mawe ikawapiga. Walijibanza chini ya jabali, na hapo Sekela akagundua kwamba mtoto ameacha kulia. Midomo yake ilikuwa baridi. Lugano alisogea karibu. Alivua kofia yake. Ndani mlikuwa na maganda makavu ya mwanzi aliyoyabeba juu ya nywele zake siku zote. Alipiga magoti matopeni, akapuliza vijiti vilivyolowa mpaka machozi yakamtoka, na moto ukakubali. Mtoto alipashwa joto, akafumbua macho, akadai kunyonya kwa kelele. Sekela alicheka na kulia kwa pamoja.

Mvua ilipokatika, walifika kwenye rundo la mawe mahali njia inapoanza kushuka gengeni. Kila mpitaji huongeza jiwe lake na kushukuru. Wengine walitupa mawe yao haraka. Bibi Tupokigwe alichagua jiwe, akalifuta kwa kanga, akaanza: kwa miguu, kwa moto, kwa nyayo za Anyandwile, kwa shemeji aliyemwazima mwavuli.

"Bibi, tafadhali," alisema Sekela, hasira imemjaa. "Mtoto huyu atakufa kwa shukrani zako."

"Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hatashukuru, mwanangu. Nimebakiza mwavuli tu."

Wakasubiri, maana bibi mzee haachwi mlimani. Bado yuko kwenye mwavuli, ubavu wa genge mbele yao ukang'oka na kwenda bondeni pamoja na njia yake. Kishindo kilipotulia, hapakuwa na pa kukanyaga. Walizunguka kwa njia ndefu ya wafugaji, na jioni wakafika.

Mama yake Sekela alisimama mlangoni, mikono wazi. "Karibuni, wanangu. Nampokea nani?"

Sekela akawatazama wenzake.

"Mimi sidai," alisema Anyandwile, "ila bila miguu hii mngekuwa kinamasini."

"Ungemfikisha maiti," Lugano akajibu taratibu. "Na kwenye genge lile ni wewe uliyekuwa unatupeleka."

"Basi apewe Bibi," alisema Anyandwile.

Bibi Tupokigwe akatikisa kichwa. "Mimi sikujua kama mlima utaanguka. Nilikuwa nashukuru tu. Mwenye kujua na mwenye bahati si sawa. Ila msinisikilize sana, maana jina langu nalipenda."

Wote wakacheka, isipokuwa Sekela. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani kwa watu watatu, na kinywa chake kiliruhusiwa jina moja. Akimtaja mmoja, wawili watarudi makwao wakiwa majirani tu wa mtoto waliyemwokoa. Mama yake alikuwa bado amenyoosha mikono, na baridi ya jioni ilikuwa imeanza kuingia kwenye shuka la mtoto.

Akafungua kinywa.

Haya, wasikilizaji wangu. Kuna aliyejua njia, kuna aliyerudisha uhai, na kuna aliyewachelewesha hata wakasalimika. Ungekuwa wewe pale mlangoni, ungetamka jina la nani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?