Jina la Mtoto wa Naetwe

Hapo zamani, huko milimani ambako maji hufika shambani kwa mfereji, alikuwako mwanamke aitwaye Naetwe, mjamzito, mcheshi na mkaidi kidogo. Mama mkwe wake, Bi Mkunde, alikuwa na kishamba alichotaka kukigeuza malisho ya mbuzi. Naetwe akakiomba apande nyanya.

"Haya, mwanangu," akasema Bi Mkunde. "Ukivuna, ni chako na cha watoto wako. Usipovuna, kinarudi kwa mbuzi wangu, na tusilaumiane."

Nyanya zikakubali. Zikachanua, zikazaa, matawi yakaelemewa. Kisha mchana mmoja jua likiwaka, miche iliyo karibu na mfereji ikalegea, majani yakiwa bado mabichi, hayana hata doa. Jioni ikainuka. Kesho yake ikalala tena. Naetwe akasema ni kiu, akafungulia maji. Ikalala mingine. Akaongeza maji. Ikalala mingi zaidi. Si nimewaambia alikuwa mkaidi?

Mwisho akaketi kwenye tuta akalia, akaapa mbele za watu: "Atakayeniokolea nyanya hizi, mtoto huyu nitampa jina lake."

Wa kwanza kuja alikuwa wifi yake, Eshe, aliyeolewa bondeni kwa wakulima wa bilinganya. Alikuja na glasi ya maji safi. Akakata shina la mche uliolegea, akaitumbukiza ncha yake kwenye maji, akalishikilia. Watu wakachungulia. Uzi mweupe ukachomoza kwenye shina, ukashuka taratibu kama maziwa.

"Wifi, hii si kiu," akasema Eshe. "Ni ugonjwa wa mnyauko, na uzi huo ndio vijidudu vyake. Dawa yake haipo dukani. Unakaa kwenye udongo na unasafiri na maji, kwa hiyo kila ukimwagilia unauhamisha. Funga mfereji. Miche migonjwa ing'oe na udongo wa mizizi yake, uichome."

Alipokwisha kusema, akanawa mikono, akaenda kunywa chai. Jembe hakulishika; kung'oa na kuchoma akaachiwa Naetwe.

Na maji yale yalipita wapi kabla ya kumfikia Naetwe? Yalipita kwa jirani wa juu, Bi Mwanahawa. Huyu nyanya zake zilianza kunyauka zamani. Alikuwa akiing'oa miche na kuitupa mferejini, maji yaichukue asiione tena. Maji yakaichukua kweli, yakampelekea Naetwe.

Bi Mwanahawa alipoiona ile glasi, uso ukamshuka. Hakungoja kuambiwa. Alichimba mfereji mpya kuzunguka shamba lake, maji yateremke bila kugusa udongo wake. Nyanya zake, mbovu na nzima, akazing'oa zote akazichoma. Msimu ule hakuonja hata moja.

Wa tatu, mtabisha, ni Bi Mkunde mwenyewe, yeye ambaye nyanya zikifa anapata malisho. Alikaa penye njia ya kuingilia shambani na beseni la maji ya sabuni, na hakuna mguu wala jembe lililopita bila kusuguliwa. Mwenyekiti wa kijiji alivuliwa viatu. Mbuzi aliyejaribu kupenya alipigwa fimbo.

Mwanawe, mume wa Naetwe, akamnong'oneza, "Mama, si uliyataka malisho?"

"Niliyataka, na bado nayataka. Lakini malisho ya kuvizia msiba wa mkwe wangu, mbuzi wangu hawatayala."

Basi mistari ya karibu na mfereji ikafa, na iliyobaki ikasimama wima mchana kutwa. Naetwe akavuna, kishamba kikawa chake. Watu wakaitwa, wali ukapikwa, kachumbari ikajaa masinia. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Jina ni langu," akasema Eshe. "Bila glasi yangu mngekuwa mnamwagilia hadi leo."

"Na kujua kungefaa nini, maji yaleyale yakiendelea kuja?" akauliza Bi Mwanahawa. "Mimi nimetoa shamba zima."

"Umelipa ulichoharibu," akasema Eshe.

"Niliharibu, sikatai. Wangapi huharibu wakanyamaza?"

Bi Mkunde akaweka tonge chini. "Eshe katoa maneno. Mwanahawa katoa deni lake. Mimi sikuwa na deni la mtu, na nimetoa nilichokuwa nakitamani. Jina ni langu."

"Mama, wewe ulisugua miguu tu," akasema Eshe.

Naetwe akacheka mpaka akajishika tumbo. Akacheka tena, kisha akaacha kucheka, akaomba ashikwe mkono aingizwe ndani. Masinia hayajaoshwa, vigelegele vikasikika: binti. Vigelegele havijatulia, vikapigwa vingine: binti wa pili.

Msiniambie Kulwa na Doto, hayo kila pacha anayo. Naetwe aliahidi jina la mwokozi wa nyanya. Sasa ana mabinti wawili, na mlangoni wamesimama wanawake watatu, wananawa mikono kwenye beseni la Bi Mkunde, wanasukumana kwa mabega na kucheka, kila mmoja akitaka kuingia wa kwanza.

Naetwe amechoka, amefurahi, anasema hachagui yeye. Nami sichagui, nina wifi na mama mkwe kwangu pia. Chagueni ninyi mlioshiba. Majina mawili, wanawake watatu: je, nani alistahili, na ni yupi mtakayemtazama machoni mkamwambia hakustahili?